Usiku wa Jaribio la Nne

Nilifika Boise, katika jimbo la Idaho, mwezi Agosti 2006, kuanza masomo katika Chuo Kikuu cha Boise State. Nilikuwa mtu aliyekulia kwenye soka, na sikuona kwa nini mchezo wa Wamarekani unaochezwa kwa mikono uitwe mpira wa miguu. Hata uwanja wao ulinichekesha, kwa kuwa nyasi zake bandia ni za buluu tangu mwaka 1986, na mara ya kwanza nilipouona kutoka juu nilidhani ni bwawa.

Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenifungulia macho, kwa kunipangia vifuniko vya chupa mezani na kunieleza kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, na ikishindwa huwaachia wapinzani. Nilipoielewa hesabu hiyo, msimu ule ulinikamata. Mwezi Septemba, mkimbiaji wetu Ian Johnson, ambaye nje ya uwanja alikuwa akifuma kofia za uzi kwa mikono yake mwenyewe, alikimbia na mpira jumla ya yadi 240 na kufunga tachidauni 5, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kwa pointi sita kila mara, dhidi ya Oregon State, tukashinda 42 kwa 14. Utah tuliwafuata kwao tukawanyuka 36 kwa 3. San Jose State ndio waliotutoa jasho, kwani tuliponea kwa mkwaju wa sekunde za mwisho, 23 kwa 20. Mechi za kawaida zilipomalizika tulikuwa tumecheza 12 na kushinda zote 12, na kocha wetu, Chris Petersen, alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa ukocha mkuu.

Hata hivyo, wakati huo timu mbili za kugombea ubingwa wa taifa zilipatikana kwa kura na hesabu za kompyuta, na wapiga kura hawakuwa na imani na chuo kinachotoka katika ligi ndogo kama yetu. Jambo hilo liliniudhi kuliko lilivyowaudhi wenyeji, ambao walikwisha kulizoea. Badala ya fainali tulipewa mchezo wa Fiesta Bowl, huko Glendale, Arizona, tarehe 1 Januari 2007, tukutane na Oklahoma, chuo chenye mataji mengi ya taifa.

Bweni lilikuwa tupu kwa likizo, nami nilikuwa nimealikwa na mzee mmoja Mkongomani, aliyeletwa Boise na ukimbizi pamoja na familia yake, ambaye Kiswahili chake kilinipunguzia upweke. Tulikaa mbele ya televisheni, mimi nikitafsiri mchezo kama nilivyotafsiriwa kwa vifuniko vya chupa.

Katika robo ya tatu tulikuwa mbele kwa 28 kwa 10, na mzee akaanza kusinzia. Kisha Oklahoma wakarudi kidogo kidogo, wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde chache, na muda mfupi baadaye wakanasa pasi ya mrushaji wetu, Jared Zabransky, na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja: 35 kwa 28. Niliinuka nikachukua koti langu. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha kuingia kwenye koti tulipofika jaribio la nne, yadi 18 zikihitajika na sekunde 18 zikiwa zimebaki. Zabransky alimrushia Drisan James, ambaye alikimbilia katikati akiwavuta walinzi, kisha, kabla hawajamfikia, akamwachia mpira Jerard Rabb aliyekuwa akija kwa kasi kutoka upande wa pili. Rabb hakushikwa hadi alipofunga, na mkwaju wa nyongeza wa pointi moja ukatufanya sawa, 35 kwa 35. Nilipiga kelele hata mzee akaamka akidhani pameingia wezi.

Katika muda wa nyongeza Adrian Peterson aliifungia Oklahoma kwa mbio moja tu ya yadi 25, na mkwaju ukawaongezea pointi moja. Zamu yetu ilipofika, tulijikuta tena kwenye jaribio la nne, na safari hii mrushaji hakuwa Zabransky, bali Vinny Perretta, aliyezoea kupokea, akampata Derek Schouman, naye akafunga. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Kocha Petersen angeweza kusawazisha kwa mkwaju mwepesi, lakini alitaka pointi mbili, za kuufikisha mpira tena mwisho wa uwanja, ili yaishe pale pale. Zabransky akaashiria kurusha kulia kwa mkono usio na kitu, huku mpira ameuficha mgongoni kwa mkono wa kushoto. Johnson akapita nyuma yake, akauchukua, akakimbia kushoto ambako hapakuwa na mtu. 43 kwa 42. Kabla sijamaliza kueleza mpira ulivyofichwa, Johnson alikuwa amepiga goti mbele ya mpenzi wake, mmoja wa washangiliaji wa timu, akimwomba waoane.

Nje honi zilikuwa zikipigwa mtaa mzima. Mzee alinitazama, bado nina mkono mmoja ndani ya koti.

“Kwa hiyo, mwanangu, hawa ndio mabingwa?”

Nikamwambia hapana, mzee. Fainali ni wiki ijayo, kati ya Ohio State na Florida.

“Hawa wamefungwa na nani basi?”

“Hakuna aliyewafunga, mzee.”

Akamgeukia mkewe, akamwomba aniongezee chai, ili nikae nimweleze vizuri.