Ijumaa ya Karafuu: Safari ya Kigomasha Iliyokomea Ngezi

Kwa anayeitazama ramani, safari ya kutoka Chake Chake hadi Ras Kigomasha ni jambo la asubuhi moja. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa takriban kilomita 67 kutoka kusini hadi kaskazini, Chake ipo katikati, na barabara ya lami inafika hadi Konde. Ukishafika Konde, mwendo wa kilomita chache unakufikisha kwenye Hifadhi ya Msitu wa Ngezi, na njia inayopenya msituni ndiyo hiyo hiyo inayoelekea Makangale na ufukwe wa Vumawimbi, hadi ncha ya kisiwa kwenye mnara wa taa. Nilikuwa nimepanga kupanda gari alfajiri, nishuke Konde, niendelee kwa miguu nikiwa na shanta mgongoni, nile chakula changu Vumawimbi, na magharibi inikute nimesharejea nyumbani kwa ami yangu Chake, kwa kuwa boti ya kurudi Unguja ilikuwa inaondoka bandari ya Mkoani asubuhi iliyofuata.

Siku yenyewe, hata hivyo, ilikuwa Ijumaa, tena katikati ya msimu wa karafuu.

Kituoni Chake gari ilikuwepo, dereva alikuwepo, na utingo alikuwa akituhakikishia kila baada ya muda kwamba tunaondoka sasa hivi. Kwa kweli gari ilikuwa ikisubiri kundi la wachumaji waliokuwa wakienda mashamba ya kaskazini, na walipofika walikuja na magunia matupu, majamvi yaliyokunjwa na sufuria za kupikia, vitu ambavyo vyote vililazimika kupangwa na kufungwa juu ya gari kwa kamba. Sikukerwa na kusubiri kama nilivyokerwa na hiyo "sasa hivi", kwa sababu dereva na utingo walijua fika wanamngoja nani, na abiria akiambiwa ukweli huweza angalau kwenda kunywa chai. Tuliondoka saa 3 kasorobo.

Anayetaka kuelewa kwa nini gari ya abiria huko Pemba inawasubiri wachumaji, na si wachumaji wanaoisubiri gari, ni lazima akumbuke kwamba kisiwa hiki kimekuwa tegemeo la karafuu za Zanzibar tangu kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa na nafuu. Msimu unapowadia, watu na vyombo vya usafiri huhamia kwenye kazi hiyo. Karafuu huchumwa kabla hazijafunguka, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vya vishada vyake, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zikauke sawasawa, na kwa kuwa ukingo wa barabara ni mahali penye jua la kutosha, majamvi ya karafuu hutandazwa hapo kwa masafa marefu. Zikirowa kabla ya kukauka, hupoteza rangi na daraja, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC, hununua kwa madaraja.

Tulikuwa tumeshaipita Ole pale wingu lilipotanda ghafla upande wa mashariki. Dereva alisimamisha gari bila ya kuulizwa na mtu. Bibi mmoja na wajukuu zake wawili walikuwa wakihangaika kukunja jamvi refu kuliko nguvu zao, na utingo alikwisharuka chini huku akituita: "Teremkeni yakhe, karafuu zaroa!" Tuliteremka karibu sote, mimi nikiwa bado na shanta mgongoni, tukazoa kwa mikono, kwa nyungo na kwa chochote kilichopatikana, tukajaza magunia na kuyaingiza barazani. Mvua ilinyesha kwa nguvu kwa muda wa kama robo saa, kisha ikaondoka. Bibi alitaka kutupa maji ya kunywa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tulikuwa na haraka, ingawa kwa hakika ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo.

Baada ya hapo gari iliiacha lami ili kuchukua magunia ya karafuu zilizokwisha kauka, ikayapeleka kwenye kituo cha ununuzi, ikasubiri foleni, na ikarudi barabarani. Kuhusu kipande hicho sina la kusema isipokuwa kwamba kilikuwa kirefu.

Tulifika Konde adhana ya Ijumaa ikiadhiniwa. Maduka yalikuwa yanafungwa, na vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha pikipiki zao na kwenda kutawadha. Nikaenda kuswali pamoja nao, na baada ya sala mmoja wao akakubali kunipeleka hadi lango la Ngezi, ambako mlinzi, mtu mzima mwenye maneno machache, alinitazama, akalitazama jua, akasema: "Mwanangu, Kigomasha si ya saa hizi. Kwenda utakwenda, lakini kurudi utarudi na nani?" Sikuwa na jibu.

Badala yake alinizungusha kwenye njia fupi ya msituni. Humo mna mivule mikubwa, miti ya jamii ya minazi inayoitwa miwale kwenye sehemu zenye majimaji, na tumbili ambao hawakujali kabisa kwamba nimechelewa. Msitu wa namna hii ulikuwa umeenea sehemu kubwa zaidi ya kisiwa kabla ya kufyekwa kwa ajili ya mashamba, na mikarafuu ndiyo iliyochukua nafasi kubwa ya ardhi hiyo. Nilimwambia mlinzi kwamba karafuu zimeila asubuhi yangu kama zilivyoula msitu wake. Hakucheka, akanionesha kisiki.

Niliporudi Konde alasiri, hapakuwa na gari ya Chake. Zilizobaki zilikuwa zimekodiwa kubeba magunia. Nilipata nafasi kwenye gari ya mizigo iliyokuwa ikienda Wete, nikakaa juu ya karafuu, na kutoka Wete nikapata gari ya mwisho ya abiria. Nilifika Chake watu wakitoka kuswali isha.

Ami aliniuliza kwa nini sikulala Wete siku ya Alhamisi ili Ijumaa niamkie kaskazini, na nadhani huo ndio mpango wa kufuatwa na yeyote anayetaka kutembea hadi mnara wa Kigomasha wakati wa msimu: alale Wete au Konde, aingie Ngezi jua likichomoza, na aichague siku yoyote isiyokuwa Ijumaa. Boti ya asubuhi iliyofuata iliondoka Mkoani kwa wakati wake, bila ya kuchelewa hata dakika moja.