Bibi, kiharusi na upande wa kushoto

Bibi alipopata kiharusi kilichotuchanganya ni hiki, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki, lakini ukimuuliza bibi nikuletee uji? anatikisa kichwa vizuri kabisa, yani anaelewa kila kitu.

Daktari akatuchorea kwenye karatasi. Ubongo una nusu mbili na ile ya kushoto ndo inaendesha upande wa kulia wa mwili, maana mishipa ya fahamu inapishana kule chini kwenye shina la ubongo, halafu kwa watu wengi nusu hiyohiyo ya kushoto ndo ina eneo la kuongea, mbele kidogo, usawa wa panja. Linaitwa eneo la Broca, kutokana na Paul Broca, daktari Mfaransa ambae mwaka 1861 alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa anatamka "tan" tu miaka na miaka, akakuta pameharibika hapohapo. Sehemu ya kuelewa maneno iko nyuma zaidi, na kwa bibi ilikuwa salama.

Ubongo ni kama kilo 1.4 tu ila unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili, damu ikikatika dakika chache tu seli zinaanza kufa. Kwahiyo jamani mdomo ukipinda ghafla kimbizeni mtu hospitali usiku huohuo, msingoje kuche.

Jumapili moja tukaanzisha pambio sebuleni, bibi akaitikia ubeti mzima na maneno yake yote. Mama alilia sana.