Gia ya sita kwenda ya tano, mlimani

Juzi fundi alifungua plagi ya kujazia oili kwenye giaboksi ya lori kuukuu, nami nimeinama pembeni yake, na ile harufu nzito ya oili ya gia yenye moto ikanipiga puani. Papo hapo nikamkumbuka mzee aliyekuwa akinifundisha udereva wa lori, na ule mlima.

Mimi ndiye niliyeshika usukani. Mzee alikaa kiti cha pembeni, kimya kama kawaida yake. Nyuma kulikuwa na saruji. Giaboksi ilikuwa Fuller ya gia kumi, ile yenye shafti mbili za pembeni na isiyo na sinkronaiza, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia kuu. Mkono wa gia una nafasi tano tu za kwenda mbele, na kila nafasi inafanya kazi mara mbili. Kiswichi kwenye kichwa cha mkono kikiwa chini, uko kwenye seti nzito, gia ya 1 hadi ya 5. Ukikipandisha, nafasi zilezile zinakuwa gia ya 6 hadi ya 10. Kwa hiyo gia ya 6 inakaa palepale ilipokaa ya 1.

Kushuka kutoka 6 kwenda 5 ndiko kunakowatoa jasho wanaojifunza, kwa sababu mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mkono unahama, na seti inabadilika. Kiswichi unakibonyeza chini mapema, ukiwa bado ndani ya 6. Hakitafanya lolote hapo, kwa kuwa seti hubadilishwa kwa hewa ya mgandamizo, na valvu ya hewa hiyo iliyo ubavuni mwa giaboksi imezuiwa na pini mpaka mkono upite nyutro. Kisha unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi ukiwa nyutro, unapandisha injini kwa mizunguko kama 400 kwa dakika, unakanyaga klachi tena na kuingiza 5. Kama ulikuwa 1,200, basi gia inakusubiri karibu na 1,600. Hewa inabadilisha seti wakati mkono unapita nyutro, na giaboksi ikiwa nzima, seti inakuwa imeshakaa kabla hujafika kwenye 5.

Siku ile kila kitu kilikwenda kwa mpangilio huo. Mkono uliingia 5 bila hata kukwaruza, ulaini ambao sikuutarajia. Nikaachia klachi, nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga resi peke yake. Lori halikuvuta. Nilisikia uzito wa mzigo ukianza kuturudisha, spidi ikaisha kama imekatwa.

"Toa mguu kwenye mafuta," mzee akasema. "Shika breki. Usiilazimishe."

Nikashika breki. Tukasimama. Ndipo kikasikika kishindo kifupi chini ya sakafu, *tup*, seti nzito ikiingia wakati hatuihitaji tena.

Hapo nieleze kwa nini alinikataza kupiga resi. Kati ya seti hizo mbili kuna nyutro yake, na mkono ulikuwa laini kwa sababu hiyo: shafti kuu ilikuwa huru, haijaunganishwa na magurudumu. Seti ndiyo sehemu pekee ya giaboksi ile yenye sinkronaiza, nayo imetengenezwa ilinganishe mwendo wa shafti nyepesi kwa muda mfupi sana. Ukiwa umeshaingiza gia, umeachia klachi na injini inanguruma, unaitaka ilinganishe injini nzima. Inaungua. Na ikishaungua, hata hewa ikirekebishwa, kila ubadilishaji wa seti utakwaruza.

Tukavuta handibreki, tukapiga kabari magurudumu ya nyuma, injini tukaiacha ikizunguka ili hewa isipungue. Mzee akaniambia niweke nyutro nichezeshe kiswichi, yeye akiwa chini. Juu: *tup*, palepale. Chini: mnong'ono mrefu, halafu tena kimya, halafu ndipo kishindo. Juu, palepale. Chini, ukingoje.

"Umesikia?" akaniita. "Kupanda haraka, kushuka polepole. Njoo uweke mkono hapa."

Nikashuka, nikajiingiza chini. Akaushika mkono wangu akauweka juu ya kipumulio cha giaboksi. Kipumulio hicho hupumua tu joto la oili. Hakitakiwi kutoa upepo. Lakini kiswichi kikiwa chini, hewa ilikuwa inatoka pale bila kukatika, ya uvuguvugu, na kiganja changu kikarudi na ukungu wa oili. Pembeni ya kipumulio vumbi lilikuwa limeshikana na oili, tope jeusi lililoshuka mpaka kwenye bolti za kifuniko.

Silinda ya seti iko nyuma ya giaboksi. Ndani mna pistoni iliyofungwa kwa nati kwenye fimbo inayosukuma uma, ule unaohamisha seti. Zikivuja oringi, yaani pete za mpira za kuzuia hewa, za pistoni yenyewe, seti inakataa kabisa kubadilika na hewa hutoka mfululizo kwenye tundu la kutolea hewa la valvu. Ikivuja gasketi ya kifuniko cha silinda, kupanda ndiko kunakochelewa, na hewa inatoka nje. Ikivuja oringi ndogo pale fimbo inapopita kwenda ndani ya giaboksi, kushuka ndiko kunakochelewa, na hewa inajaa kwenye giaboksi yenyewe. Hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, maana hewa inayojaa inaisukuma oili itoke kwenye kipumulio na kwenye sili, na giaboksi inakauka huku dereva akidhani tatizo lake ni hewa tu.

Kabla ya kufungua chochote alipima kwanza regyuleta, kidhibiti cha shinikizo la hewa: karibu psi 60, sawasawa. Kisha akazima injini, akatoa hewa yote kwenye matangi. Yalitema maji kwanza, ya rangi ya chai, kabla ya hewa. Maji yale ndiyo yanayoosha grisi na kuharibu oringi. Matangi yanatakiwa kumwagwa kila siku, na lori lile lilikuwa limetoka mikononi mwa watu wasiojali hilo. Kifuniko, nati, pistoni, na oringi ikatoka imekuwa bapa upande mmoja, ngumu kama kucha. Mpya ikaingia na grisi ya silikoni, utando mwembamba tu.

Kabla ya kuondoka tulikagua oili. Plagi ya ubavuni ilipofunguliwa, kidole kiliigusa oili, nami nikaanza kurudisha plagi. Mzee akanizuia. Kuigusa kwa kidole hakutoshi. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu, lori likiwa mahali tambarare. Kwenye giaboksi hizo, upungufu wa sentimita 2.5 ni karibu lita 4. Tukaongeza SAE 50 ileile iliyokuwamo, mlimani pale tukakisia, na tulipofika tambarare tukajaza mpaka ikaanza kumwagika.

Kuondoka kulikuwa rahisi. Ukiwa umesimama, klachi inakanyagwa mpaka sakafuni, kwa kuwa ile sehemu ya mwisho ya pedali ndiyo inayoikamata breki ya klachi na kuisimamisha shafti ili gia ya 1 iingie bila kelele. Lori likiwa kwenye mwendo, usifike huko hata mara moja, utaivunja.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Oringi ile mpya ilitoka mfukoni mwa shati la mzee, si kwenye boksi la vifaa. Saizi yenyewe hasa. Nilimuuliza kama alikuwa ameliona lile tope asubuhi tulipokagua lori. Akasema, "Endesha, mwanangu, jua linazama."

Sasa nami nina vijana ninaowafundisha, na kipumulio ni kitu cha kwanza ninachowaonyesha, lori likiwa limezimwa na uwanja ukiwa tambarare. Ningemwacha mmoja wao akutane nacho mlimani na saruji nyuma yake? Nadhani hapana. Lakini wengi wao nikiwauliza wiki inayofuata kupanda haraka na kushuka polepole maana yake nini, wananitazama tu.