Adhuhuri kisimani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na neno moja tu: adhuhuri. Nimelikuta katika Zaburi 55:17, mwombaji anaposema kwamba jioni, asubuhi na adhuhuri atalalama, na Mungu ataisikia sauti yake. (Ameanza na jioni kwa sababu siku ya Waebrania huanza jua likizama. Wazee wa pwani nao wakisema usiku wa Ijumaa, wana maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa.)

Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na majirani zetu Waislamu hulitaja kila siku katika swala ya mchana. Shina lake ndilo lililotupa pia dhahiri na kudhihirika. Nilipoliona hilo niliifunga Biblia kwanza. Saa sita jua liko utosini, kivuli kimekimbilia chini ya nyayo, na kila kitu kiko wazi kama kilivyo. Ndiyo maana Zaburi 37:6 inaahidi kwamba Mungu ataitokeza haki yako kama nuru, na hukumu yako kama adhuhuri.

Kutoka hapo nikaenda Yohana 4. Yesu amechoka na safari, ameketi kisimani pa Yakobo karibu na mji wa Sikari, "yapata saa sita". Sisi wasomaji wa Kiswahili tumebarikiwa hapa. Watu wa nyakati zile walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, nasi tunahesabu vivyo hivyo, kwa hiyo saa sita ya Yohana ni saa sita yetu, na jua lile tunalijua.

Anakuja mwanamke Msamaria kuteka maji. Wahubiri wengi husema alichagua saa ile ili akwepe ndimi za wanawake wenzake. Huenda. Lakini Yohana hakuandika hivyo, nami sipendi kumwongezea mama huyu mzigo ambao Maandiko hayakumtwika. Labda mtungi ulikauka tu nyumbani. Kilichoandikwa ni kwamba mazungumzo ya maji yalifika mpaka chumbani kwake: waume watano, na wa sasa si mumewe. Mambo yake yakawa dhahiri, juani, mbele ya mgeni. Wala Yesu hakumfukuza. Nikodemo, mwalimu wa Israeli, alikuja usiku katika sura ya 3, na katika sura hiyo tunamwacha na maswali yake. Mwanamke huyu, alipomtaja Masihi anayekuja, aliambiwa waziwazi, "Mimi ninayesema nawe, ndiye." Akauacha mtungi, akaenda mjini kuwaita watu waje wamwone mtu aliyemwambia mambo yote aliyoyatenda. Mambo yaleyale! Sasa anayatangaza mwenyewe.

Mimi nimezoea kuomba usiku, taa zimezimwa. Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikilizungushia maneno hata mbele za Mungu: "udhaifu wangu", "hali ile". Jumatano saa sita, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki kitini nikalitaja kwa jina lake. Sauti ilinitetemeka. Nililia kidogo. Halafu nikatoka kwenda kununua maji, maana koo lilikuwa limekauka kabisa.

Jambo moja zaidi, wapendwa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Yohana anarudia maneno yale, "yapata saa sita", katika 19:14. Safari hii Pilato amemleta Yesu nje, mbele ya umati, anasema, "Tazama, mfalme wenu!" Aliyemwomba mwanamke maji adhuhuri ya Sikari amesimamishwa juani watu wote wamtazame, naye hafichi uso. Baadaye, msalabani, anasema, "Naona kiu." Wakampa siki.