Simama nje

Nguo ilikuwa bado imebanwa chini ya sindano. Lilikuwa gauni la mtoto, upande mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Mwenye cherehani alinitazama akasema, "Kaka, ngoja kwanza nitoe nguo ya watu." Akakata uzi, akalikunja lile gauni taratibu, akaliweka juu ya kitanda walipokuwa wamekaa wanawe watatu. Kisha akasogea pembeni. Mimi na vijana wawili niliokwenda nao tukainyanyua mashine, tukatoka nayo.

Nilikuwa namdai. Deni lilikuwa halali, alikuwa ameniahidi tarehe tatu na zote zimepita, na siku ya kukopa alitamka mwenyewe kwamba akishindwa nichukue cherehani. Mbele ya hakimu ningejitetea vizuri tu. Imepita miaka sita. Naandika leo kwa sababu ndugu mmoja katika kamati ya mfuko wetu wa mikopo kanisani ameniuliza kama Biblia inakataza kuchukua rehani. Haikatazi. Ila inaingia katika mambo madogomadogo ya namna ya kuichukua, na ni hayo madogo yaliyonishika.

Siku chache baada ya kuileta ile mashine nyumbani kwangu, ilikuwa zamu yangu kufundisha, na tulikuwa tumefika Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mstari wa 6 unasema mtu asitwae jiwe la kusagia kuwa rehani, la chini wala la juu, kwa kuwa anayefanya hivyo anatwaa maisha ya mtu. Niliusoma nikiwa nimekaa hatua nne kutoka kwenye cherehani ya mwenzangu.

Hebu tukae hapo kidogo. Kila nyumba ilisaga nafaka yake, karibu kila siku. Jiwe la chini lilikuwa kubwa na zito; la juu lilikuwa dogo, mtu alilishika kwa mikono na kulisukuma mbele na nyuma juu ya nafaka. Mdai mwerevu hakuwa na haja ya kubeba yote mawili. Akiondoka na lile dogo, lile kubwa linabaki halifai kitu. Ndiyo maana sheria inayataja yote mawili, ili asije mtu akasema, "Mimi nimechukua la juu tu." Tena jiwe lenyewe lingemfaa nini mdai? Nyumbani kwake ana la kwake. Thamani ya rehani ile haikuwa katika jiwe, ilikuwa katika njaa ya wale waliobaki bila jiwe. Kinacholipisha deni ni uchungu. Torati inamruhusu mdai adai, lakini inamnyang'anya chombo hicho.

Nami cherehani ningeifanyia nini? Sijui kushona hata kifungo.

Mistari ya 10 na 11 ndiyo iliyonimaliza. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Nimesikia mahubiri mengi juu ya riba, lakini juu ya kizingiti cha mdaiwa sikumbuki hata moja. Anayesimama nje hawezi kuchagua. Haoni kitanda, haoni sufuria, haoni watoto wamekaa wapi. Mdaiwa ndiye anayeangalia vitu vyake na kuamua kipi kitoke. Deni lake liko palepale, lakini ndani ya kuta zake bado ni mwenye nyumba. Baadaye Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, ilikaza zaidi: rehani haitwaliwi ila kwa njia ya mahakama, wala mkopeshaji haingii nyumbani, na hurudishwa kwa zamu kulingana na mahitaji, mto wa kulalia usiku, jembe la kulimia mchana.

Juu ya vazi, Kutoka 22 inataka lirudishwe kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo analojifunika maskini. Kisha linafuata swali ambalo silisahau: alale na nini? Anayezijua hesabu za mikopo atasema hiyo si dhamana tena, kitu gani unakirudisha kila jioni? Ni kweli. Kwa maskini rehani inabaki kuwa ukumbusho tu wa deni, haiwezi kuwa kitanzi. Sura hiyohiyo inamwambia mkopeshaji kwamba asiwe kwa maskini "mfano wa mwenye kumwia". Napenda neno hilo la kale, mwia, yaani mdai. Halimkatazi kudai chake. Linamkataza kugeuka kuwa deni lenyewe, linalotembea na kupiga hodi.

Tusidhani haya yalikuwa maneno ya hekaluni peke yake. Mwaka 1960, kwenye ngome ndogo ya pwani karibu na Yavne-Yam nchini Israeli, kilipatikana kigae cha chungu chenye maandishi ya Kiebrania ya mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo. Mvunaji mmoja anamlalamikia mkuu wa mahali pale. Anaeleza kwamba alivuna, akamaliza, akaweka ghalani, kisha Hoshayahu mwana wa Shobai akamchukulia vazi lake. Anasema ndugu zake waliovuna naye katika jua kali watamshuhudia. Halijasemwa wazi kama vazi lilishikwa kwa deni au kwa sababu nyingine, lakini mtu yule alijua kwamba vazi lililoshikwa ni jambo la kufikishwa mbele ya mkubwa. Na karne moja hivi kabla yake nabii Amosi alikuwa amewaona wengine wakijinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Wanasali juu ya blanketi la mtu. Nilipofika kwa Amosi niliufunga ule mwongozo wa somo.

Nisieleweke kwamba mdaiwa hana wajibu. Zaburi ya 37 inamwita asiye haki yule anayekopa asilipe. Na yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mwia alikuja kuwachukua wanawe wawili kuwa watumwa, hakusamehewa deni. Mafuta yalipojaa vyombo vyote, Elisha alimwambia akauze na kulipa, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki. Muujiza ulimpa uwezo wa kulipa, na ukamwachia cha kulia baada ya kulipa. Watu wengi wanaukumbuka muujiza wakalisahau deni.

Ndugu yangu wa kamati ana hoja nzito, siwezi kuipuuza. Anasema tukiwalegezea wakopaji mfuko utakauka, na atakayeumia ni maskini atakayekuja kesho. Hoja hiyo ni ya zamani. Kumbukumbu la Torati 15 iliamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba, na papo hapo ikaonya moyo usinong'one, "Mwaka wa saba umekaribia," ukafunga mkono. Moyo ulinong'ona kweli. Nyakati za Herode, mwalimu Hillel aliona watu wameacha kukopesha, akaweka hati iitwayo prozbuli, ambayo kwayo mkopeshaji aliwatangazia waamuzi kwamba atadai deni lake wakati wowote atakao. Wako wanaomlaumu. Mimi simlaumu, kwa kuwa alitaka maskini wapate mahali pa kukopa. Lakini hati ya Hillel ilihusu muda wa kudai. Haikumruhusu mtu kuingia ndani, wala kubeba jiwe la kusagia.

Kwa hiyo kwenye fomu yetu, pale palipoandikwa "dhamana", nimependekeza vyombo vya kazi visiandikwe kabisa, hata mkopaji mwenyewe akivitaja. Hasa akivitaja mwenyewe, kwa sababu mwenye shida hutaja kile anachojua kitakubaliwa haraka. Bado tunabishana. Nimewaomba tuanze na Nehemia 5. Alipoona watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao, wengine hata watoto wao wametiwa utumwani, aliwakemea wakuu, kisha akakiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Alijitia katika hesabu kabla ya kudai warudishe. Nami ndivyo nilivyoona imenipasa, ndiyo maana habari hii imeanza na cherehani.

Niliirudisha siku ileile ya somo, jioni. Nilikodi mkokoteni, nikaisukuma mwenyewe, sikuita vijana. Nilipofika nikapiga hodi, nikarudi nyuma hatua mbili. Alitoka, akaiona, hakusema neno. Nikamwambia deni lipo, alipe kidogokidogo kadiri atakavyopata, na nikamwomba radhi kwa kuingia ndani mwake. Alijibu la deni tu: "Nitalipa, kaka." Alilipa kwa miezi kumi na minne.

Lakini jioni ile hakuiingiza mashine mara moja. Alipiga magoti pale pale nje, akafungua kile kifuniko kidogo chini ya sindano, akatia kidole, akapapasa.

"Bobini yake iko wapi?"

Sikujua. Huenda ilianguka tulipokuwa tukiibeba, au ilikuwa imeviringika chini ya kabati kwangu. Na bila bobini cherehani haishoni. Nilitazama jua, lilikuwa limeshagusa mapaa. Nikauacha mkokoteni mlangoni kwake, nikarudi nyumbani mbio kuitafuta.