Chelsea ilivyoleta kesi kwenye testi ya Kiingereza

Hii ilikuwa mwaka 2005, mwezi wa tano, niko form three, Chelsea ndo wametoka kubeba ubingwa wa England baada ya miaka 50, Lampard kawapiga Bolton mbili peke yake, na pale darasani tulikuwa na mwana mmoja shabiki kindakindaki tunamwita Mzee wa Darajani, yaani wiki ile alikuwa haambiliki.

Sasa madam wa Kiingereza akatupa testi ya kujaza nafasi. Swali moja lilikuwa "The team ... playing well". Wengi tukaweka is, maana daftari lilisema timu ni kitu kimoja, basi. Mzee wa Darajani akaweka are, akalambwa kosa la wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Karatasi zinarudishwa jamaa akanyoosha mkono. "Samahani madam, mbona watangazaji wa mpira wanasema Chelsea are leading, na wale si ndo Waingereza wenyewe?" Darasa likalipuka. Madam akamwambia mtihani wa taifa hautungwi kibanda umiza, kaa chini. Jamaa hakukaa. "Na polisi je madam? Si ulitufundisha wewe mwenyewe the police are, hakuna the police is?"

Hapo madam akanyamaza kidogo. Nilishajua hapa ni fimbo au kutolewa nje (walimu wengine wa pale wangefanya vyote viwili), ila yeye akaenda ofisini akarudi na kamusi kubwa, akasoma amesimama, sisi kimya. Kumbe Waingereza wanatumia zote mbili, Wamarekani ndo wanang'ang'ania the team is. Akaandika ubaoni "The committee has decided", chini yake "The committee are arguing among themselves", akasema kamati ikishaamua ni kitu kimoja, lakini wakiwa bado wanazozana humo ndani utasemaje ni mmoja, mtu anazozana na nani? Mimi tangu siku hiyo sijawahi kuchanganya, na lile daftari letu naona lilikuwa la kivivu tu.

Basi walioweka are wakapewa maksi zao. Si ndo foleni ikaanza, kila mwenye kosa anataka bahati yake! Akaja mmoja wa nyuma kabisa kaandika "Everybody have eaten". Madam akamwambia everybody, somebody, nobody, each, hao wote wanachukua has, uwe London uwe New York, na hata ukiona each of the boys usidanganywe na hao boys, anayeongoza pale ni each. Jamaa bado anabisha, eti everybody si watu wengi madam? Madam akamuuliza, "Kwani wewe nyumbani unasema kila mtu wamekula?"

Akakwama hapo, akajikuna kichwa, halafu akasema na yeye kuna mechi alisikia wanatangaza hivyohivyo, everybody have. Madam akaweka kalamu chini taratibu. "Mechi gani?"

"Simba na Yanga, madam."

Darasa halikukalika tena mpaka kengele.