Biskuti za Watoto Wenye Mzio

Tangu mwanangu alipogundulika kuwa na mzio wa mayai na maziwa, nimezoea kuoka biskuti zisizo na vitu hivyo, wala ngano, wala karanga, kwa sababu wageni wake wadogo nao huja na miiko yao. Naponda ndizi 2 zilizoiva hata maganda yakawa na madoadoa meusi, nachanganya na vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, chumvi kidogo na mdalasini, kisha naongeza unga wa mchele, takriban kikombe kimoja na nusu, kidogokidogo hadi donge liache kunata vidoleni. Ndizi ndiyo inayoshika unga badala ya yai, na utamu wake unatosha bila sukari. Asali siitii, maana haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Nabonyeza vidonge kwa uma viwe vyembamba, nami naoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 15 hivi, mpaka kingo zigeuke rangi ya dhahabu.

Kazi ngumu, kwa kweli, si kuoka bali ni usafi. Safari moja nilikorogea mwiko uliotoka kwenye siagi ya karanga, ikabidi nimwage donge zima na kuanza upya. Siku hizi mwiko huo una droo yake, na lebo ya kila pakiti ya unga naisoma upya kila ninunuapo, kwani kiwanda hubadilisha viambato bila kupiga mbiu.